Mpigapicha wa Jumamosi

Kila mji wa Uingereza wenye Waswahili wa kutosha kujaza ukumbi una mtu mmoja mwenye kamera ambaye Alhamisi usiku hupigiwa simu kuulizwa kama Jumamosi ana nafasi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa mtu huyo, alipwe, na Jumatatu alfajiri aiwahi zamu yake. Ni wa anayetunza wazee Reading, anayeendesha basi Leicester, anayebeba maboksi Milton Keynes. Anayetaka kuacha kazi na kufungua studio yenye zulia na kiti cha kuzunguka atafute mwongozo mwingine.

Tukubaliane mapema kwamba kazi ya pembeni si kazi ya kubahatisha. James Barnor wa Ghana alikuwa na studio yake Accra, iliyoitwa Ever Young, kabla ya kwenda London mwaka 1959. Alipofika akarudi darasani, akasoma Chuo cha Sanaa cha Medway pale Rochester, akawa anapigia picha jarida la Drum, akajifunza kusafisha picha za rangi, na mwisho wa miaka ya 1960 akarudi Ghana na ujuzi huo wa maabara. Mwaka 2021 picha zake zilifanyiwa maonyesho makubwa katika jumba la sanaa la Serpentine, London, na wengi walisimama mbele ya zile za vijana wa Kiafrika katika mitaa ya jiji hilo miaka ya 1960. Wakati anazipiga, alikuwa mgeni mwenye kamera anayetafuta riziki, na alizipiga kwa uangalifu uleule ambao angeutoa kwa waziri.

Wateja wako wa kweli hutawaona. Bwana harusi ndiye atakayelipa, lakini picha zitatazamwa na mama yake Tanga, babu yake Bukoba, na shangazi wa Mombasa aliyenyimwa viza ya kuja harusini. Hao ndio watakaozikuza kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu wakitafuta nani amekonda. Karibu kila ushauri ulio hapa chini umetokana na macho yao.

Kabla ya kamera, viza

Mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo Uingereza anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki kipindi cha masomo, lakini ni kazi ya kuajiriwa. Kujiajiri haruhusiwi hata saa moja. Harusi uliyolipwa pauni 150 mkononi, bila risiti, ni kujiajiri, na tangazo la Instagram lenye bei na namba yako ya simu ni ushahidi ulioutengeneza kwa mikono yako. Kama uko kwenye viza hiyo, jifunze, pigia rafiki zako picha bure, usijitangaze, subiri hali yako ibadilike. Mwenye viza ya kazi inayodhaminiwa na mwajiri naye asome masharti yake neno kwa neno kabla ya kupokea kianzio cha mtu, maana kazi ya ziada anayoruhusiwa ina mipaka. Mwenye viza ya mwenza, makazi ya kudumu au uraia anaweza kujiajiri. Nimeanza na hili kwa sababu hakuna harusi duniani yenye picha nzuri kiasi cha kufidia kurudishwa nyumbani.

Kisha fungua mkataba wako wa ajira uone kama unakutaka umwarifu mwajiri kuhusu kazi ya pili. Mwarifu.

Kodi si ngumu kama inavyosimuliwa kwenye magenge. Mapato ya biashara yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili, kwa kawaida hulazimiki kuyaripoti. Angalia vizuri: ni mapato, yaani kila senti iliyoingia, kabla hujatoa nauli na betri. Ukivuka hapo, jisajili kwa HMRC, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 5 Oktoba inayofuata baada ya mwaka huo wa kodi kuisha, na urejeshe fomu kwa mtandao kufikia tarehe 31 Januari. Weka risiti zote kwenye bahasha moja, ya kamera, ya treni, ya memori kadi. Bahasha hiyo ni pesa.

Bima ndiyo inayosahaulika. Wenye kumbi wengi hudai uwe na bima ya dhima kwa umma, ile inayolipa iwapo bibi wa miaka 70 atajikwaa kwenye stendi ya taa yako akielekea kucheza. Hata asipodai mwenye ukumbi, ichukue, kwa sababu bibi huyo ni bibi wa mtu. Na kama unakwenda kwa gari, uliza kampuni ya bima yako kama gari hilo limekatiwa matumizi ya biashara. Safari ya kwenda kupiga harusi kwa malipo si safari ya kwenda dukani.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, maana kila mwenye kamera anapenda kuzungumzia kamera na wachache wanapenda kuzungumzia picha. Nunua iliyotumika, kwenye duka linalotoa dhamana. Iwe na nafasi mbili za memori kadi ili kila picha iandikwe mara mbili papo hapo. Kadi hufa bila kuaga, na harusi hairudiwi. Lenzi mbili zatosha kuanzia, moja ya milimita 35 na nyingine ya 85, zote zenye tundu pana la kuingiza mwanga. Flashi mbili. Betri nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, na wakati wa baridi zile za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu betri iliyopoa huisha upesi.

Saa ya kadi na saa ya jua

Nyumbani jua ni mtumishi wa serikali: linaripoti saa 12 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni, mwaka mzima, na ukichelewa leo utalikuta kesho palepale. Huku mambo ni mengine. London mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Adhuhuri ya siku fupi kuliko zote linakuwa limepanda nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Mwezi wa Juni linazama saa 3 na dakika 20 usiku, watoto wameshalala.

Sasa chukua kadi ya harusi ya Desemba. Kadi inasema saa 8 mchana. Bibi harusi anatoka saluni saa 10. Msafara unafika ukumbini saa 11 na nusu, gari la mbele likiwa limepotea njia. Jua halikuisoma kadi na halikusubiri msafara. Kwa hiyo kati ya Oktoba na Machi picha za maharusi peke yao zipigwe kabla ya sherehe, nyumbani kwa mama mdogo, karibu na dirisha kubwa la sebuleni, pazia limefunguliwa na televisheni imezimwa. Andika kwenye mkataba kwamba saa zako zinaanza kuhesabiwa saa iliyoandikwa kwenye kadi. Hapo utashangaa jinsi msafara unavyojifunza njia.

Kwa upande mwingine, nchi hizi za kaskazini zina zawadi ambayo sisi tuliokulia karibu na ikweta hatukuizoea. Kwetu jua hushuka wima na giza huingia haraka. Ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu hauchukui muda mrefu. Huku jua huteremka kwa mshazari, polepole, na kiangazi mwanga huo hudumu muda wa kutosha kupiga picha za maharusi, za wazazi, na za kamati nzima ya harusi bila mtu kukimbizwa. Hata mawingu yao yasikukatishe tamaa. Anga lililofunikwa ni taa moja kubwa isiyo na kivuli kikali, na hailipiwi bili.

Ukumbini ni vita nyingine. Taa za umeme wa Uingereza, za mizunguko 50 kwa sekunde, nyingi hupepesa mara 100 kila sekunde hata kama jicho halioni. Ukipiga kwa kasi kubwa utapata michirizi ya giza kwenye picha. Shusha kasi iwe sehemu moja ya 100 ya sekunde, au ya 50, michirizi itaondoka. Halafu kuna taa za DJ. Zambarau na buluu zikishamwagikia uso wa mtu, hakuna programu itakayoziondoa na kuuacha uso mzima. Nenda kwa DJ mapema, msalimie kwa heshima, mletee soda, mwombe mwanga mweupe dakika kumi wakati wa kukata keki na wakati wa kuwalisha wazazi. DJ aliyesalimiwa ni mtu mwingine kabisa.

Ngozi zetu

Hapa ndipo mpigapicha wa Jumamosi anaweza kumshinda mwenye studio ya gharama kubwa, na hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi zaidi wa mazoezi.

Kamera haijui inatazama nini. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kudhani kwamba mambo yote yaliyo mbele yake, ukiyachanganya, yanatoa kijivu cha wastani. Mweke bibi harusi mweusi ndani ya shela jeupe linalojaza picha: kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, shela litatoka safi na uso utapotea. Mweke bwana harusi wa suti nyeusi mbele ya pazia la giza: kamera itaongeza mwanga, na paji la uso litaungua. Wasimamishe wote wawili pamoja, kila mmoja na nguo yake, na kamera iliyoachiwa iamue itakuwa inabahatisha. Dawa ni kupima uso. Weka kipimo cha nukta, elekeza shavuni, amua mwenyewe, kisha thibitisha kwa histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika pichani. Kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera hung'aa sana ukumbini penye giza na hukudanganya kwamba picha ina mwanga.

Tatizo hili lina historia ndefu. Kwa miongo mingi maabara za picha za Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi wakaiita kadi ya Shirley. Uso mweusi haukuwemo kwenye kipimo, basi ulipotokea kwenye picha ya darasa ulitoka macho na meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha filamu zake ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kuwa kahawia mbalimbali za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Chokoleti ilisikilizwa kwanza. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini anayeziendesha ndiye anayeamua nani aonekane, na wewe umekulia kwenye nyumba ambayo baba, mama na watoto wana weusi wa aina nne tofauti. Unajua wanavyopaswa kuonekana. Huo ni utaalamu, utoze.

Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao. Ipe mwanga mpana kutoka upande mmoja, dirisha, au flashi iliyoelekezwa kwenye ukuta mweupe, na utaona shavu, taya na shingo vinajichora vyenyewe. Flashi ya moja kwa moja usoni huacha madoa meupe ya jasho pajini na kuua vingine vyote. Ukipiga nje, usimsimamishe mtu mwenye gauni jeupe katikati ya majani mabichi yaliyopigwa na jua, maana kijani hupanda hadi kidevuni.

Nguo nazo zina madai yake. Nyekundu kali ya kitenge au kanga huzidi uwezo wa kamera kabla rangi nyingine hazijazidi, na ikizidi, maua na michirizi yote hugeuka doa moja jekundu. Tazama histogramu ya rangi nyekundu peke yake, punguza mwanga kidogo. Mama aliyeshonesha sare ya kitenge cha ukoo mzima na kuituma kutoka Dar es Salaam kwenye begi la mtu anataka kuliona ua lile.

Utaombwa pia umng'arishe mtu. “Kaka, hapa nifanye mweupe kidogo.” Usimhutubie. Msogeze dirishani, mpige upya, mwonyeshe. Mara nyingi alichokuwa anakitafuta ni mwanga, na akiupata hulisahau ombi lake. Akishikilia, kataa kwa upole. Mama yake hakumzaa na rangi hiyo, na mama huyo ndiye atakayeitundika picha ukutani.

Usiku wa wanawake

Sherehe za hina na za kupamba kwa familia za Kiislamu ni kazi inayohitaji uaminifu kuliko nyingine zote. Wanawake wamevua mabuibui, wamesuka, wamevaa walichokiweka kwa ajili ya usiku huo, na hakuna mwanamume anayetakiwa kuwaona, si ukumbini wala kwenye simu ya mtu baadaye. Kama wewe ni mwanamume, huingii. Tafuta dada anayeiweza kazi, mlipe malipo kamili, na usiziguse picha wala kuomba kuzikagua. Kama wewe ni mwanamke, hapa una soko ambalo nusu ya wenye kamera hawaruhusiwi hata kulichungulia.

Kaa na mama wa bibi harusi siku kadhaa kabla. Mueleze picha zitakaa wapi, nani atazipokea, lini zitafutwa. Zima muunganiko wa kamera na simu. Zima ule mpangilio wa kompyuta unaopandisha picha mtandaoni wenyewe, kwa sababu mtu mwingine nyumbani anaweza kuwa anatumia akaunti ileile. Zihariri mwenyewe, usizitume kwa mhariri wa nje hata kama ni nafuu, na usizihariri kwenye treni wala sebuleni wakati shemeji amekaa nyuma yako. Mkabidhi bibi harusi flashi diski yenye nywila, mkononi mwake.

Sheria nayo iko upande wake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, picha uliyoipiga kama mtu aliyejiajiri ni mali yako, hata kama umelipwa kuipiga, isipokuwa mmekubaliana vingine. Lakini kifungu cha 85 kinampa aliyekuagiza picha kwa matumizi yake ya binafsi na ya nyumbani haki ya kukataa zisitolewe wala kuonyeshwa hadharani. Kwa hiyo hata harusi ya kawaida, yenye wanaume na wanawake, huwezi kuiweka kwenye ukurasa wako kutafutia wateja mpaka waliokuagiza wakubali. Iweke ruhusa hiyo kwenye mkataba kama swali lenye ndiyo na hapana, na hapana isiwe na bei ya ziada.

Jambo moja dogo la usiku huo. Hina iliyobanduliwa leo ina rangi ya chungwa iliyopauka. Huendelea kukolea kwa siku moja au mbili. Usiku wa hina piga mkono wa mpambaji, ncha ya koni, mstari unavyotoka, vidole vya bibi harusi vilivyotandazwa juu ya mto asijipake. Mikono yenyewe iliyokolea, ile picha ya kukuzwa, isubiri siku ya nikahi, mwanga ukitoka ubavuni ili maua yasomeke hadi kwenye kucha.

Na ukiulizwa kuhusu nikahi, uliza nawe kama ndoa itaandikishwa pia kwa msajili. Nikahi peke yake mara nyingi haitambuliki kisheria Uingereza, hivyo wengi huwa na siku mbili, na wengi hawaikumbuki ile ya pili mpaka wiki yake. Kwa msajili na kanisani, uliza kabla mahali pa kusimama na wakati gani usipige. Wapo wanaokataza kabisa wakati wa viapo, na hapo wao ndio wenye kauli. Ukitaka kuwapeleka maharusi nje baadaye, jua kwamba upigaji picha wa biashara kwenye bustani za kifalme, kama Hyde Park, na kwenye viwanja vya Trafalgar na Parliament unahitaji kibali. Mtaa wa kawaida hauhitaji.

Shangazi mwenye sauti

Picha za makundi ndizo zinazovunja udugu. Mtu amesafiri kutoka Coventry na watoto watatu, amechanga, amecheza, halafu albamu imetoka hayumo. Hatakulaumu wewe, atamlaumu bwana harusi, kwa miaka. Wiki moja kabla, omba orodha ya makundi kwa majina: wazazi wa pande zote, wajomba, mashangazi, kamati, wafanyakazi wenzake bibi harusi, watu wa kwaya. Kisha omba utajiwe shangazi mmoja mwenye sauti anayewajua wote kwa sura. Mpe orodha. Wewe ukiita “familia ya bwana harusi” watakuja watu sita na mtoto asiye wao. Shangazi akiita, watatoka hadi waliokuwa wanakula jikoni. Anza na wazee, kwa heshima na kwa miguu yao, na uwape viti.

Bei

“Mwanangu, wewe ni wa hapahapa, piga tu, hayo mengine tutaongea.”

“Sawa mama mkubwa. Tuongee sasa hivi, maadamu nimekaa.”

Jizoeze jibu hilo mpaka litoke bila kutetemeka. Kisha mfanyie hesabu mbele yake, maana watu wetu wanaheshimu hesabu. Harusi ya saa 8, safari ya saa 2, na kuchagua na kuhariri picha saa 12: jumla ni saa 22. Ukitoza pauni 200, umelipwa kama pauni 9 kwa saa, na bado hujatoa nauli. Kima cha chini kisheria kwa mtu mzima aliyeajiriwa Uingereza kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Ukipiga harusi hiyo kwa 200 umejiajiri kwa mshahara ambao ni kosa kumlipa mtu mwingine. Kama zamu yako inakulipa pauni 13, saa 22 ni pauni 286 kabla ya nauli, bima na kuchakaa kwa kamera. Hapo ndipo bei yako inapoanzia. Kazi yako ikishajulikana, panda.

Wengine watakwambia ughaibuni tunasaidiana. Ni kweli, na kusaidiana kuna utaratibu wake: kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna mchango. Toa mchango wako kwa mweka hazina kama ndugu wengine wote, uandikwe daftarini, halafu peleka ankara yako ikiwa kamili. Ukichanganya hivyo viwili, mchango wako hautaonekana na kazi yako haitaheshimiwa. Nimeona vijana wenye macho mazuri sana wakiiacha kamera si kwa kukosa wateja, bali kwa kuwa na wateja wengi waliokuwa ndugu.

Chukua nusu kama kianzio siku ya kukubaliana, na salio kabla ya siku ya harusi. Baada ya harusi kamati imevunjwa, maharusi hawana hata nauli, na mweka hazina hapokei simu. Kila kitu kiandikwe, hata kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: saa ngapi, picha ngapi, lini zitakabidhiwa, itakuwaje ukiugua, itakuwaje harusi ikiahirishwa.

Kuna kazi moja isiyo na bei. Ikitokea msiba, na mwili unaagwa ukumbini kabla ya kusafirishwa au kuzikwa huku, familia ya nyumbani itataka kuona. Wanataka kuona kwamba mtoto wao aliagwa, kwamba watu walijaa, nani alibeba jeneza. Nenda ukiombwa, na usitaje pesa. Kubaliana na mzee wa familia nini kipigwe na nini kisipigwe. Dini na koo zinatofautiana sana juu ya uso wa marehemu, na neno lake ndilo la mwisho. Simama nyuma, zima flashi, zima na mlio wa kamera. Piga umati, mikono, wanaoomba, waliobeba. Mpe mzee picha zote, yeye ndiye azitume, na wewe usibandike hata moja popote.

Kukabidhi na kutunza

Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inazibana, na ule ua wa kitenge ulioupigania unakuwa ukungu. Zitume kama faili la waraka, au kwa kiungo cha kupakulia. Na chapisha. Mama wa Tanga ana simu iliyojaa, watoto wanaoichezea, na bando linaloisha. Picha ya karatasi haimalizi bando. Weka kwenye bei yako picha chache za inchi 6 kwa 4 za kwenda nyumbani. Albamu nene ni nzito, na mtu anayesafiri anahesabu kilo zake, lakini bahasha ya picha hakuna anayeikataa.

Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na nyingine isiyokaa nyumba hiyo. Kadi isifutwe mpaka mteja amepokea na kufungua. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, mwanawe Rohit akaiendeleza, na kwa kuwa picha zilitunzwa, Unguja ya miongo hiyo bado ina nyuso za kutazamwa. Waswahili wa Uingereza nao wanaoa, wanazaliwa na kuzikana huku kila mwaka, na kumbukumbu yao haimo kwenye studio ya mtu mwingine. Ni hizo nakala tatu zako, ila zile za usiku wa wanawake, ambazo hufutwa siku mliyokubaliana.

Linabaki la zamu. Harusi hukubaliwa miezi kadhaa kabla. Ratiba ya kazini hutoka wiki chache kabla. Mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki Uingereza ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka, sikukuu zikihesabiwa humo kwa waajiri wengi. Omba siku za harusi mara tu kianzio kinapoingia, usisubiri ratiba, na usibadilishane zamu ya usiku wa kuamkia harusi: mkono usiolala hutikisa kamera. Uwe na wenzako wawili wa kuaminika wenye kamera, katika miji ya karibu, mnaopeana kazi mmoja anapougua au anapobanwa. Mteja aambiwe tangu mwanzo kwamba wapo. Siku ikifika na homa imekushika, mtumie mwenzako mkataba, orodha ya makundi, masharti ya mama wa bibi harusi, namba ya shangazi, na jina la DJ. Mlipe siku hiyohiyo.